Skrini inabonyezeka, mfumo haupo: prototaipu inajibu swali gani?

Ukiagiza mfumo wa wavuti hapa Tanga, uwe wa chama cha ushirika, wa duka la jumla Ngamiani au wa nyumba ya wageni Raskazone, kuna siku msanidi atakuja na kitu kwenye simu yake. Utabonyeza "Ingia", ukurasa utafunguka. Utabonyeza "Mauzo ya leo", orodha itashuka na rangi zake. Hapo ndipo huzuka maswali mawili. La kwanza: "Kumbe kazi imeisha, mbona unaniambia bado miezi mitatu?" La pili huja baada ya mteja kuambiwa kwamba alichokishika ni prototaipu tu, yaani mfano wa kujaribia, na huenda ikatupwa: "Sasa kwa nini nilipie kitu cha kutupa?"

Yote mawili ni maswali ya haki, na yote mawili hujibiwa ovyo, kwa sababu wasanidi wenyewe huita prototaipu vitu visivyofanana hata kidogo. Karatasi iliyochorwa kwa penseli ni prototaipu. Picha zinazobonyezeka ni prototaipu. Kipande cha programu kinachotuma malipo ya kweli ya shilingi 500, bila kuwa na ukurasa hata mmoja wa kutazamika, nacho ni prototaipu. Kila moja imetengenezwa kujibu swali lake. Ukiiuliza swali la mwenzake itakujibu, tena kwa kujiamini, na jibu litakuwa la uongo.

Tuchukue kazi moja ya kufikirika twende nayo: mnada wa samaki pale Deep Sea. Wenye vyombo na madalali wanataka programu ya wavuti ya kuandikia mauzo: chombo kipi kimeleta nini, nani kanunua, kwa bei gani, amelipa au amekopa. Kwa sasa hayo yote yako kwenye daftari la dalali, na yasiyokuwemo daftarini yako kichwani mwake. Ombi lenyewe likiandikwa lina mistari sita: chagua chombo, chagua samaki, weka uzito, weka bei, chagua mnunuzi, hifadhi. Msanidi anasoma, anakadiria wiki tatu, anafungua kompyuta. Mimi ningemshauri aifunge kwanza.

Kompyuta ya karatasi

Zinatakiwa karatasi za A4, penseli na mkasi. Kila skrini inachorwa kwenye karatasi yake, na vitufe vyake vyote. Orodha za kuchagulia zinakatwa pembeni, ziwekwe juu pale zinapohitajika. Halafu watu watatu wanakaa: mmoja ni mtumiaji, mmoja anaigiza kompyuta, wa tatu ananukuu. Mtumiaji anagusa "kitufe" kwa kidole, anayeigiza kompyuta anaondoa karatasi ile na kuweka inayofuata. Sharti gumu ni moja tu: kompyuta haielezi. Mtumiaji akikwama, muacheni akwame, maana hapo alipokwama ndipo mlipokuwa mnapatafuta.

Mkalishe dalali mmoja mtu mzima, mnada ukiwa umekwisha. "Shikamoo mzee. Chukulia chombo kimeingia sasa hivi na vibua. Tuonyeshe ungefanyaje."

Chombo anakichagua bila taabu. Anafika penye "Uzito kwa kilo", anasimama. "Kilo ya nini, mwanangu? Vibua vinanadiwa kwa ndoo. Mambo ya kilo watajuana huko mbele." Kolekole mkubwa anakwenda mmoja mmoja, samaki wadogo kwa fungu au kwa mtungo, pweza anapimwa. Mstari mmoja wa ombi umegeuka kuwa jedwali zima la vipimo, na hakuna aliyeandika msimbo wowote wa programu bado.

Anaendelea. Kwenye bei anaandika 45. Mnadani hakuna anayepoteza pumzi kusema "elfu". Ukisema arobaini na tano kila aliyepo anajua ni shilingi 45,000. Mfumo ukikubali 45 kama shilingi arobaini na tano, ripoti ya mwisho wa mwezi itachekesha. Ukikataa kwa maandishi mekundu, asubuhi ya pili dalali atarudi kwenye daftari lake na hamtamwona tena. Kwenye karatasi dawa yake ni kufuta na kuchora upya: kisanduku cha bei chenye sufuri tatu zilizokwisha kuandikwa pembeni, yeye aandike 45 tu. Sekunde kumi za penseli. Jambo hilohilo likigunduliwa baada ya mfumo kuanza kazi, kutakuwa na maelfu ya rekodi za kupitia moja moja na kubishana ipi ni 45 na ipi ni 45,000.

Kwenye muda anaandika 11:30. Anamaanisha saa kumi na moja na nusu alfajiri, kama yeyote kati yetu angeandika. Kisanduku cha muda kinachokuja na kivinjari huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo kitasoma saa tano na nusu asubuhi. Tofauti ni saa sita kamili, wala hakuna kosa litakalolalamikiwa, maana 11:30 ni muda halali. Itakaa kimya kwenye hifadhidata mpaka mtu aulize mbona vyombo vyote vya Tanga vinapenda kufika jua likikaribia utosini. Hapa dawa ni kukiondoa kisanduku chenyewe, simu ijiandikie muda, au kuweka vitufe vya alfajiri, asubuhi, jioni na usiku.

Na mnunuzi? Fomu inataka jina kamili na namba ya simu. Dalali anawajua wote, ila kwa majina yake: Mama Zai, yule wa Muheza, Mpemba wa baiskeli. Jina la kwenye kitambulisho hajawahi kulihitaji, na ukimlazimisha kulitafuta huku watu wanapiga kelele za bei, atakuandikia chochote kilicho karibu.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Karatasi ndiyo prototaipu inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo inayolipa kuliko zote, na sababu yake kubwa, kwa huku kwetu, ni heshima. Watu wa pwani ni wastaarabu. Ukimpelekea mtu kitu kinachong'aa, chenye nembo na rangi za bahari, atakwambia "hongera, mwanangu, nzuri sana", hata kama hajaelewa kitufe kimoja. Anaona umetaabika, na kukukosoa ni kukuvunja moyo. Karatasi iliyochorwa kwa mkono haimwonei mtu haya. Haina jasho la mtu ndani yake, kwa hiyo anaisema waziwazi, na wengine watakunyang'anya penseli wachore wenyewe. Watengenezaji wa Balsamiq, programu ya kuchorea skrini iliyotoka mwaka 2008, walifanya michoro yake ionekane kama ya mkono kwa sababu hiyohiyo: mtazamaji ajue bado kunabadilishika.

Wateja huuliza ni watu wangapi wa kuwajaribia. Jibu linalonukuliwa sana ni watano, na linatokana na hesabu za watafiti Jakob Nielsen na Tom Landauer za mwaka 1993. Katika miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja kwa wastani alifichua asilimia 31 ya matatizo ya matumizi. Wa pili hufichua mengine, lakini mengi yanakuwa yaleyale ya mwenzake, na mkifika wa tano mmeshaona takriban asilimia 85. Baada yake mnalipa kusikia mambo mliyokwisha kusikia. Kinachosahaulika kila mara ni kwamba watano hao ni wa aina moja. Dalali, mwenye chombo na mama anayenunua samaki wa kukaanga hawaangalii skrini moja kwa jicho moja. Ukiwajaribia madalali watano umemaliza madalali tu. Afadhali pia kuwagawa: jaribu kwa wachache, rekebisha, jaribu kwa wengine.

Picha zinazobonyezeka

Baada ya karatasi watu huhamia kwenye zana kama Figma, skrini zichorwe safi na kuunganishwa, ukibonyeza hapa uende pale. Hii ndiyo iliyokuwa kwenye simu ya msanidi kule mwanzo. Inajibu maswali ya mpangilio: je, kitufe cha "Hifadhi" kinaonekana juani? Kidole chenye maji na magamba kinakipata? Njia kutoka kupokea chombo hadi kufunga hesabu ni ndefu kiasi gani? Ni maswali ya maana, na ili uyaulize vizuri ipeleke skrini ufukweni, usiishie kuitazama kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Zaidi ya hapo haijui kitu. Nyuma yake hakuna hifadhidata, hakuna hesabu, hakuna anayezuia mtu asiye na ruhusa. Ni ubao wa bei ulioandikwa kwa mwandiko mzuri mbele ya stoo tupu, na mteja anayesema "kazi imeisha" ameusoma ubao akadhani mzigo upo.

Msanidi mwaminifu anaweza kupunguza udanganyifu huo kwa data anayoijaza. Prototaipu nyingi huwa na Juma Ali, Asha Juma na bei za mviringo, kila jina linaingia kwenye mstari wake. Weka mnunuzi mwenye jina refu lililopinda mara mbili. Weka siku yenye mauzo mia mbili, na siku isiyo na chombo hata kimoja, kwa maana siku hizo zipo: uvuvi wa taa husimama mbalamwezi ikipevuka, na skrini tupu nayo inahitaji kusema kitu. Weka deni lililolipwa nusu, na mtu aliyelipa zaidi. Hapo mpangilio mzuri huanza kupasuka, na ni bora upasuke sasa.

Mtu nyuma ya pazia

Kuna swali ambalo karatasi wala picha haziwezi kulijibu: watu watakitumia kitu hiki siku baada ya siku, ama watakishangaa mara moja waachane nacho? Kwa hilo ipo hila ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa IBM, John Gould na wenzake, walitaka kujua kama watu wangefurahia mashine ya kuandika inayosikia sauti. Teknolojia yenyewe haikuwapo. Wakamweka mtu chumba cha pili, akisikiliza na kuchapa. Aliyekuwa akisema aliona maneno yake yakitokea kwenye skrini, na watafiti wakajifunza tabia za watumiaji wa mashine ambayo hakuna aliyekuwa ameijenga. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1983.

Kwa mnada wetu: sema kuna wazo la mfumo kuwatumia wachuuzi wa Muheza na Korogwe bei za asubuhi kwa ujumbe. Kabla ya kujenga chochote, kijana mmoja asimame sokoni na simu yake, akusanye bei, saa moja na nusu awatumie wachuuzi thelathini kwa mkono. Afanye hivyo giza moja zima, tangu vyombo vinapoanza kutoka hadi mbalamwezi inapovisimamisha. Wakianza kumpigia siku anapochelewa, lipo la kujengwa. Wasipoona tofauti, mmeokoa pesa. Na mara nyingi jibu huwa la tatu, ambalo hakuna aliyeliwaza: bei hawaitaki, wanataka kujua kama samaki wapo kabla ya kulipa nauli.

Majibu ya namna hiyo ndiyo yaliyoizaa huduma tunayoitumia kila siku. Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza kuijaribu M-Pesa nchini Kenya wakiwa na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo la awali lilikuwa wakopaji wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Watu wa kwenye jaribio wakaigeuza matumizi: wakatumiana pesa wao kwa wao, wakaiweka humo iwe salama safarini. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuja kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Ile haikuwa prototaipu ya penseli, nikiri. Ulikuwa mfumo unaofanya kazi, na pesa zilikuwa za kweli. Ndiyo maana nasema mchezo wa mtu nyuma ya pazia ufanyike mapema, somo la aina hiyo lipatikane kwa bei ya vocha.

Prototaipu isiyo na sura

Tulizoziona ni za upana: zinaonyesha mfumo mzima kwa juujuu. Kuna za kina, ambazo huchukua jambo moja tu na kulitoboa kutoka kwenye kidole cha mtumiaji hadi kwenye seva na kurudi. Hazipendezi kumwonyesha mteja, na wateja wengi hawajui kama waliwahi kulipia moja. Lakini hatari kubwa za kiufundi hujificha humo, na kwa mnada wetu naziona tatu.

Ya kwanza ni tarehe. Seva nyingi hutunza muda kwa saa ya kimataifa ya UTC, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Chombo kikiuza dagaa saa nane na nusu usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa seva bado ni saa tano na nusu usiku, siku ya Alhamisi. Ripoti ikikusanya mauzo kwa tarehe ya seva, kila kilichouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku kitahesabiwa siku iliyopita. Kwenye duka la nguo hilo halionekani, maana saa hizo limefungwa. Kwa wavuvi wa usiku ni hesabu ya watu kugawana pesa. Na ukishairekebisha seva, bado kuna swali la kuwauliza wahusika: chombo kilichotoka Alhamisi magharibi na kurudi alfajiri, mapato yake mnayaita ya siku gani? Kwa wengine siku imeanza jua lilipozama. Kwa hiyo huenda mfumo ukahitaji kuhesabu kwa safari badala ya kwa tarehe, na uamuzi huo ukibadilishwa baadaye unagusa karibu kila jedwali.

Ya pili ni malipo ya simu. Kampuni za malipo huwapa wasanidi mazingira ya majaribio ambamo kila kitu hujibu papo hapo: umetuma ombi, taarifa ya "amelipa" imerudi. Kwenye maisha ya kweli taarifa hiyo inaweza kuchelewa, inaweza isije, na inaweza kuja mara mbili kwa sababu mtumaji hakuona kwamba ya kwanza ilipokewa. Mnunuzi anadaiwa 45,000, analipa mara moja, taarifa zinakuja mbili, mfumo unatoa 90,000 na kumwonyesha dalali kwamba sasa yeye ndiye anayedaiwa. Jaribu kumweleza mzee wa watu. Prototaipu ya kina ya malipo ni kurasa chache za msimbo: itume ombi, ipokee taarifa, na iikatae taarifa yenye namba ya muamala iliyokwisha kupokelewa. Halafu mtesaji akae nayo siku nzima: azime mtandao katikati, atume taarifa ileile mara tano, azichanganye mpangilio. Hakuna rangi wala nembo, na humo ndimo ilimo kazi ya zile wiki ambazo mteja anaona zinapotea.

Ya tatu ni mtandao ukikatika. Programu ya wavuti inaweza kuhifadhi mauzo kwenye simu yenyewe na kuyatuma mtandao ukirudi. Teknolojia hiyo ipo kwenye vivinjari vyote vikubwa. Ila kila kivinjari kina tabia zake. Tangu mwaka 2020, Safari ya Apple hufuta data ambayo programu za tovuti zimeiweka kwenye kivinjari ikiwa mtumiaji amepitisha siku saba za kukitumia kivinjari hicho bila kuigusa tovuti husika; tovuti ikiwekwa kwenye skrini ya mwanzo kama programu, hesabu yake ni tofauti. Sasa rudi kwenye mbalamwezi. Vyombo vya taa vimepumzika, hakuna aliyefungua mfumo wiki nzima, na kwenye simu moja kulikuwa na mauzo ambayo hayajapanda. Wengi pale wana Android, lakini tajiri wa chombo ndiye mwenye iPhone, na ndiye usiyetaka kupoteza hesabu zake. Jambo kama hili hujaribiwa kwa simu halisi na kalenda halisi, na mchoro hauwezi kulionyesha.

Kutupa au kuendeleza

Turudi kwa mteja aliyeuliza kwa nini alipie cha kutupwa. Mwaka 1984 mtafiti wa uhandisi wa programu Barry Boehm na wenzake wawili walichapisha jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Timu saba zilijenga bidhaa ya aina moja, nne zikianza kwa kuandika mahitaji kwa kirefu, tatu zikianza kwa prototaipu. Utendaji ulifanana, lakini timu za prototaipu zilimaliza na msimbo pungufu kwa takriban asilimia 40 na juhudi pungufu kwa asilimia 45, na bidhaa zao zilikuwa rahisi kujifunza na kutumia. Timu zilikuwa ndogo na za wanafunzi, kwa hiyo usiende na asilimia hizo kwenye mazungumzo ya bei. Mimi hapo najifunza jambo moja: aliyeona kitu kinatumika mapema huacha kujenga yasiyotakiwa.

Matokeo hayohayo yana upande ambao wapenzi wa prototaipu huuruka. Bidhaa zilizoanza kwa maandishi zilikuwa imara zaidi kidogo, muundo wake ulishikamana, na vipande vyake viliunganishwa kwa urahisi. Prototaipu inakupa macho ya mtumiaji. Uimara unautafuta kwingine.

Ndiyo maana swali la kutupa halina jibu moja. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 wa IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba upange kuutupa mfumo wa kwanza unaoujenga, maana utautupa tu upende usipende. Mwaka 1995 akajisahihisha: ushauri ule ulikuwa umerahisisha mno, kwa sababu ulichukulia mfumo hujengwa mzima mara moja badala ya kukuzwa kidogo kidogo. Karatasi na picha hutupwa, hakuna mjadala, na hazikugharimu kiasi cha kuliliwa. Prototaipu ya kina ya malipo, ikiandikwa kwa uangalifu na kupimwa, inaweza kukua ikawa sehemu ya mfumo. Hatari ni ile ya katikati: msimbo ulioandikwa haraka ili kitu kionekane, nywila zikiwa wazi, bila nakala rudufu, bila kuangalia nani anaruhusiwa kuona nini, halafu mteja anasema "kinafanya kazi, tuanze nacho hichohicho". Siku ya kwanza kinafanya kazi kweli.

Zana za akili unde zimeikuza hatari hiyo. Leo unaeleza mnada wako kwa Kiswahili cha kawaida na baada ya muda mfupi una skrini zinazofanya kazi, na hifadhidata nyuma yake. Kwa kuchora na kujaribu mawazo, ni neema. Lakini zana hiyo haijawahi kusimama Deep Sea alfajiri. Itaweka kilo, itaweka saa ya kizungu, itaweka jina kamili, kwa unadhifu ambao hata msanidi mwenyewe atasahau kuuliza.

Na kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na haisemi kwamba majaribio hayahusiki. Orodha ya wadaiwa wa mnada, majina, simu na kiasi, ikipakiwa kwenye prototaipu yenye kiungo kisicho na nywila, imewekwa barabarani. Nilisema hapo juu data iwe chafu kama ya kweli. Chukua umbo lake: urefu wa majina, mapengo, madeni ya ajabu. Majina na namba zibadilishe zote kabla hazijaingia.

Si kila kazi inahitaji haya. Nyumba ya wageni inayotaka ukurasa wa picha, bei na namba ya simu iende na WordPress, zana iliyo tayari ya kutengenezea tovuti, siku chache imekwisha. Prototaipu ina faida pale ambapo hakuna aliye na uhakika.

Kwa anayeagiza, mkataba uitenge hatua hii na bei yake, na kabla haijaanza msanidi aandike kwa Kiswahili maswali ambayo prototaipu itayajibu. Kwa mnada wetu yangekuwa kama haya: dalali anaandika mauzo moja kwa muda gani huku mnada ukiendelea, mapato yanahesabiwa kwa safari au kwa siku, malipo yanayokuja mara mbili yanashughulikiwaje. Mwisho wa hatua akuletee majibu, aseme alijaribu kwa watu wa aina gani, na ataje yaliyoondolewa kwenye ombi la mwanzo. Mteja abaki na haki ya kuishia hapo bila kudaiwa ya mbele. Kila skrini ya majaribio iwe na mstari juu wenye neno MAJARIBIO, usiofutika, na kiungo chake kiwe na tarehe ya kuzimwa, maana nimeona mifano ya awali ikiendelea kutumika na makarani muda mrefu baada ya mfumo wenyewe kukabidhiwa.